Mradi na Uendeshaji wa Kila Siku Parokiani: Tujifunze Kutofautisha



Katika matangazo ya Dominika, parokia zetu nyingi hutoa maombi mawili kwa pamoja: zaka na sadaka za kuendesha parokia, na michango ya ujenzi. Waamini hutoa kwa moyo, lakini wengine huuliza chinichini: mbona michango haiishi? Swali hilo ni la haki. Ili kulijibu, yatupasa kutofautisha mradi na uendeshaji.

Uendeshaji ni kazi isiyo na mwisho. Misa huadhimishwa leo na kesho, watoto hufundishwa katekisimu, wagonjwa hupelekewa Komunyo, makatekista hupewa posho, hosti, divai na umeme hulipiwa. Kazi hii yafanana na moto wa madhabahu, ambao makuhani wa Israeli waliagizwa wasiuache uzimike (Law 6). Mradi, kwa upande wake, una mwanzo na mwisho, lengo moja, bajeti yake, na kamati inayovunjwa kazi ikikamilika. Nehemia alimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52 (Neh 6:15). Naye Musa, vitu vya kujengea Hema vilipotosha na kuzidi, aliwaamuru watu waache kuleta (Kut 36:5-7). Mchango wa mradi una siku ya kusimama.

Sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme yatufundisha zaidi. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani walitengeneze Hekalu kwa fedha walizozipokea kutoka kwa watu. Hadi mwaka wa 23 wa utawala wake, kazi hiyo ilikuwa bado haijafanyika. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kando ya madhabahu. Fedha zake zilihesabiwa na katibu wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, zikalipa maseremala, waashi, mbao na mawe. Hata mabakuli ya fedha ya Hekalu hayakutengenezwa kwa fedha hizo. Na yale yaliyokuwa haki ya makuhani yaliendelea kuwa yao.

Hekima hiyo imo pia katika Sheria za Kanisa. Kanuni 1267 §3 yasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Basi, kulipia umeme kwa fedha za mabati, hata kwa nia njema, ni kuvunja ahadi. Kanuni 1281 yataka tendo linalovuka mipaka ya usimamizi wa kawaida lipate kwanza idhini ya maandishi, na kanuni 537 yataka kila parokia iwe na baraza la uchumi.

Lakini kosa hutokea pia kwa upande wa pili. Ukumbi mpya huinuka huku katekista wa kigangoni akikaa miezi bila posho. Jengo laonekana na kila mtu. Katekista anayekata tamaa haonekani. Hapo sisi mapadre hatuna budi kukiri kwamba nasi tumechangia.

Tena, mradi uliokamilika huzaa uendeshaji. Zahanati ikizinduliwa, muuguzi na dawa huhitaji fedha kila mwezi. Kisima kikichimbwa, pampu huharibika. Mjenzi wa mnara aliyetajwa na Bwana wetu (Lk 14:28-30) alipaswa kuketi kwanza ahesabu gharama. Nasi tuhesabu za kujenga na za kutunza.

Kwa hiyo, kabla ya kupitisha mradi katika halmashauri ya walei au katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tuulize: lengo ni lipi? Utaisha lini? Fedha zake zinatunzwa wapi, na nani atatusomea hesabu? Ukiisha, nani atauendesha? Kuuliza hivyo si kumkosea paroko heshima. Ni kuitunza sadaka ya mjane, na kuulinda moto wa madhabahu usizimike wakati tunajenga.