Kutafuta Kazi Mpya Kazi ya Zamani Inapokwisha

Wasikilizaji wetu, nanyi msomao kitabu hiki, leo twataka kueleza habari za mtu ambaye kazi yake imekwisha, si kwa kosa lake, bali kwa kuwa kazi yenyewe haitakiwi tena kama zamani. Mtu huyo ana jamaa wa kulisha, na kodi ya nyumba haimngoji. Wanafunzi nao wasidhani kuwa maneno haya si yao, maana kazi watakazozikuta wakitoka shuleni sizo walizozikuta baba zao.

Tuchukue mfano wa mkonge wa Tanga, kwa sababu huko mambo haya yalionekana wazi kuliko mahali pengi. Mkonge haukuwa mmea wa nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Mingi ilikufa njiani, ikasalia 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo michache mashamba yalienea Muheza na Korogwe, hata Morogoro, Kilosa na Lindi. Watu walitoka Kigoma, Njombe, Songea, Burundi na ng'ambo ya mto Ruvuma kuja kukata majani, wakaitwa manamba. Katika miaka ya 1950 mashamba hayo yaliajiri watu zaidi ya laki moja, na mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za singa.

Kisha mambo yakageuka. Viwanda vya ng'ambo vilianza kusokota kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli, nazo zikawa rahisi kuliko kamba za mkonge ambazo wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifungia majani makavu ya mifugo. Bei ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mashamba mengi, na baadaye mengine yakaachwa yakamea magugu. Ilipofika mwaka 2000 nchi ilikuwa ikitoa tani 20,000 tu au karibu na hapo. Wako wasemao kuwa kosa lilikuwa la bei, na wako wasemao lilikuwa la uongozi wa mashamba. Sisi twaona yote mawili yalikuwapo. Lakini mkataji wa majani hakuulizwa shauri juu ya bei wala juu ya uongozi. Aliambiwa tu kwamba kesho hakuna kazi.

Sasa, mtu kama huyo akiulizwa, "Wewe ni fundi wa nini?" mara nyingi hujibu, "Mimi ni mtu wa mkonge." Jibu hili ni la kweli, lakini lamfungia mlango, kwa kuwa ataja shamba lililokufa, wala hataji ujuzi ulio hai mikononi mwake. Shamba la mkonge lilikuwa kama mji. Mlikuwa na wahunzi, waashi, madereva, makarani wa kupima uzito, wauguzi wa zahanati, na mafundi wa korona, ndiyo mashine kubwa ikamuayo majani na kutoa singa. Fundi wa korona ajua mikanda, beringi, mota na grisi. Husikia kwa sikio lake kwamba chuma kimeanza kulia kabla hakijavunjika. Mikanda na beringi hizo hizo zimo katika mashine ya kusaga mahindi, katika kiwanda cha mbao, na katika kiwanda cha saruji. Karani wa uzito ajua kuandika daftari lisilopotea hata kilo moja, na kila ghala lahitaji mtu wa namna hiyo.

Je, mkataji mwenyewe? Watu humdharau kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya panga. Lakini yeye ajua kuamka kabla ya alfajiri, kufanya kazi ya kipimo, na kufunga mizigo ya majani 30 bila kudanganya hesabu. Tena aujua mmea. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 baadhi ya mashamba ya Tanga yaligawa viwanja kwa wakulima wadogo, walime mkonge wao wenyewe na kuuza majani. Na mwaka 2007 huko Hale kulianzishwa mtambo wa kutoa umeme kwa gesi itokanayo na makapi ya mkonge, yaliyokuwa yakitupwa tu. Basi hata mkonge ulirudi na kazi ambazo hazikuwapo zamani.

Kwa hiyo, kabla hajaandika barua yoyote, mtafuta kazi na akae na mtu aliyefanya kazi pamoja naye, waandike yote aliyokuwa akiyafanya kwa mikono yake kuanzia asubuhi hata jioni. Asiandike cheo, aandike matendo: nilibadili beringi, niliunga bomba, nilitunza funguo za ghala. Twasema akae na mwenzake kwa sababu mtu husahau yale ayafanyayo kila siku.

Tena kuna maneno mawili yanayopatikana katika barua nyingi za kuomba kazi, nayo ni haya: "kazi yoyote". Mwandishi hudhani ameonyesha unyenyekevu na utayari. Lakini mwenye kiwanda hana kazi iitwayo yoyote. Ana pampu inayovuja, ana ghala lisilo na mlinzi, ana gari lisilo na dereva. Akisoma "naomba kazi yoyote" itampasa yeye mwenyewe afikiri mtu huyu afaa nini, naye hana nafasi ya kufikiri hivyo, basi barua huwekwa kando. Tulinganishe na hii: "Nimetunza mashine za kukamua mkonge miaka 12. Naweza kutengeneza pampu na mota. Naomba kazi katika karakana yenu." Hapo hapana Kiswahili kigumu, wala haikupambwa kwa salamu ndefu, lakini msomaji ameona mtu.

Ujuzi, hata hivyo, wataka ushahidi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake), mwajiri hupaswa kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Watu wengi huondoka bila kukidai, kwa uchungu au kwa haraka, na baada ya miaka mitano ofisi imefungwa na meneja amehama. Na kidaiwe siku ile ile, kikiwa na tarehe na jina la kazi yenyewe. Na yule aliyejifunza ufundi kwa kutazama, asiyepata kuingia chuo, asikate tamaa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima mtu wa namna hiyo akiwa kazini au karakanani, na akifaulu hupewa cheti.

Juu ya mahali pa kutafuta hatutasema mengi. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa intaneti. Asiye na kompyuta aweza kusaidiwa dukani, lakini atie namba yake mwenyewe ya simu, si ya mwenye duka, na neno la siri alishike mwenyewe, maana wako waliokosa kuitwa kwenye usaili kwa ajili ya jambo dogo hili. Kazi nyingine nyingi hazitangazwi kabisa. Hupatikana kwa wale waliowahi kukuona ukifanya kazi, nao ndio wa kuwaendea kwanza. Na mtu akikupigia simu akisema umepata kazi, ila utume kwanza fedha za fomu au za sare, huyo ni mwizi.

Limebaki jambo la fedha na siku, nalo ndilo liwapatalo watu bila kujiandaa. Alipwaye kwa mwezi hupaswa kupewa notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi bila kukatika, ambaye kazi imepunguzwa, hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, wala haihesabiwi zaidi ya miaka 10. Fanyeni hesabu hiyo: mtu wa miaka 10 atapata mshahara wa siku 70, na mtu wa miaka 25 atapata siku 70 zile zile. Kwetu sisi kipimo hiki ni kidogo mno kwa aliyeutumia ujana wake mahali pamoja, lakini ndicho kilichopo katika sheria, na waajiri walio wema huongeza. Basi asifungue duka kwa fedha zile wiki ya kwanza, wala asiziweke katika bati za nyumba. Na azigawe kwa majuma ya kula, hata atakapopata pa kushika.

Naye anayeona kwamba ameachishwa kwa dhuluma ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huhesabiwa tangu kuachishwa kazi au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Wengi huzimaliza wakimngojea meneja aliyeahidi kuwaita tena. Aliyechelewa kwa sababu ya kweli, kama ugonjwa, aweza kuiomba Tume impokee, lakini ombi hilo hupimwa kwanza, na laweza kukataliwa.