Je, Wajua? Mtego wa kurudi nyuma huanzia jikoni

Katika riwaya na michezo ya kompyuta, jeshi hujifanya linakimbia, adui hulifuata, na mtego hufyatuka. Vita vya Kwanza vya Dunia katika bonde la Kilombero, Tanzania ya leo, vinaonyesha kinachosahaulika humo: tumbo la askari. Oktoba 1917 Wabelgiji waliitwaa Mahenge, milimani ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara. Kikosi cha Kijerumani cha Kapteni Tafel kilichorudi kusini kilishindwa na njaa. Kiliishiwa chakula, kikajisalimisha mwishoni mwa Novemba. Utasema, mbona Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, alirudi nyuma akadumu hadi Novemba 1918? Ni kweli, lakini alivuka mto Ruvuma na kulisha watu wake kwa kuteka vituo vya Wareno Msumbiji. Watunzi, wahesabuni pia wapagazi na unga wao.