Ng'onda wa Juani: Lishe Iliyo Ndani ya Chumvi

Kisiwa cha Juani kimekaa kusini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia, ng'ambo ya Ghuba ya Chole. Ndani yake mna magofu ya mji wa kale wa Kua. Nje yake mna matumbawe na mazalio ya samaki yaliyo chini ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kwa wakazi wa kisiwa cha namna hii samaki ndiye kitoweo cha kwanza. Hata hivyo, bahari haitoi kila siku kwa kipimo kimoja. Kuna siku za bamvua na siku za maji mafu, na kusi linapovuma kwa nguvu vyombo vidogo hubaki pwani. Ndiyo maana watu wa visiwa hivi, kama wenzao wa mwambao wote, walijifunza tangu zamani kumweka samaki wa leo kwa ajili ya kesho kwa kumpasua, kumtia chumvi na kumwanika juani. Samaki huyo ndiye ng'onda.

Leo ng'onda amekuwa swali katika chumba cha daktari. Mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la damu huambiwa apunguze chumvi. Akirudi nyumbani huacha kunyunyiza chumvi mezani, huku chunguni mna kipande cha ng'onda chenye chumvi kuliko yote aliyoiacha. Mgonjwa mwingine huambiwa aache ng'onda kabisa. Hutii, na katika majuma ambayo samaki wabichi hawapatikani hubaki akila ugali wa muhogo kwa mchuzi mtupu. Wa kwanza amedhurika kwa chumvi, wa pili kwa kukosa protini, na wote wawili walifuata ushauri waliopewa. Kasoro ilikuwa katika ushauri wenyewe, kwa kuwa haukutenganisha samaki na chumvi iliyomhifadhi.

Chumvi hufanya kazi gani

Samaki mbichi huharibika upesi kwa sababu nyama yake ina maji mengi, na katika maji hayo bakteria huzaliana kwa kasi, hasa katika joto la pwani. Chumvi ikipakwa juu ya nyama iliyopasuliwa huvuta maji kutoka ndani, nayo huingia mahali pake. Jua na upepo humalizia kazi hiyo. Maji yakipungua na chumvi ikizidi, bakteria wengi wa kuozesha na wa kuleta maradhi hawawezi kustawi. Samaki ambaye angeharibika kabla ya siku kwisha huweza sasa kukaa majuma kadhaa.

Njia hii haikuanza Mafia wala haikomei hapo. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi kutoka kusini mwa Arabuni na pwani ya Somalia yalileta papa na nguru wa chumvi katika masoko ya Mombasa na Unguja. Wareno nao wana samaki wao wa Atlantiki ya kaskazini, bacalhau, atayarishwaye kwa chumvi vivyo hivyo.

Kilichobaki na kilichopotea

Katika gramu 100 za samaki mbichi mna takribani gramu 18 hadi 20 za protini, na sehemu kubwa ya uzito uliosalia ni maji. Maji yanapoondoka, protini hubaki katika uzito mdogo zaidi. Majedwali ya vyakula huonyesha kwamba gramu 100 za bacalhau mkavu zina zaidi ya gramu 60 za protini. Kwa hiyo kipande kidogo cha samaki mkavu huweza kuipa familia protini nyingi kuliko ukubwa wake unavyoonekana.

Ubora wa protini hiyo nao una uzito wake. Nyama ya samaki ina amino asidi zote ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Vyakula vyote vya wanyama havilingani katika jambo hili. Huko Ulaya na Marekani miguu ya nguruwe hutiwa chumvi na siki ikahifadhiwa katika machupa. Gramu 100 zake zina takribani gramu 12 tu za protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni itokanayo na ngozi na kano. Kolajeni haina triptofani, mojawapo ya amino asidi za lazima. Supu ya makongoro ya ng'ombe, ambayo wengi nchini huinywa kwa imani kwamba hutia nguvu viungo, ina kolajeni ya namna hiyohiyo. Supu hiyo si chakula kibaya, ila haiwezi peke yake kuchukua nafasi ya samaki, maharage au mayai.

Mbali na protini, ng'onda hubakiza vitamini B12 na madini kadhaa. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza kalisi. Samaki wa baharini pia hutoa iodini, ile inayojulikana kwa watu kama madini joto, inayohitajiwa na tezi ya shingo na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kinachopungua ni yale mafuta bora ya samaki yaitwayo omega-3, ambayo huharibika yakikaa juani na hewani kwa muda mrefu, pamoja na sehemu ya vitamini zisizostahimili joto na mwanga. Kwa hiyo, siku samaki mbichi anapopatikana, yeye ndiye bora. Siku asipopatikana, ng'onda ni mbadala wa thamani.

Gharama iliyo katika chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ya mezani, ya chunguni na iliyomo tayari katika chakula. Gramu hizo ni sawa na miligramu 2,000 hivi za sodiamu. Gramu 100 za bacalhau mkavu asiyeloweshwa zina takribani miligramu 7,000 za sodiamu. Kipande cha gramu 50 peke yake, kikiliwa bila kutolewa chumvi, kitaleta chumvi inayokaribia gramu 9. Ng'onda wa visiwani hana kipimo kimoja, kwani kiasi hufuata mkono wa aliyemtayarisha, lakini ulimi hautakosa kutambua kwamba naye ni wa kundi hilohilo.

Sodiamu ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua. Damu huongezeka ujazo, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na kuta za mishipa hubeba mzigo huo mwaka baada ya mwaka. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kati ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, takribani mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi, na wengi hawajui kuwa wanayo mpaka madhara yatokee. Aliyekwisha kuanza dawa naye asijione amesalimika, kwa maana chumvi nyingi hudhoofisha kazi ya dawa nyingi za shinikizo, zikiwamo zile za kupunguza maji mwilini.

Kumtoa samaki katika chumvi yake

Chumvi iliyoingia kwa maji hutoka kwa maji. Hili wapishi wa pwani walilijua kabla ya maabara. Kinachohitajika ni kulifanya kwa utaratibu, na kulifanya kila mara.

Kwanza, ng'onda asuguliwe na kusuuzwa ili chumvi ya juu iondoke. Kisha akatwe vipande vidogo, kwa kuwa chumvi hutoka upesi katika kipande chembamba. Vipande viloweshwe katika maji matamu yanayovifunika vyema, chombo kifunikwe na kuwekwa kivulini, na maji yabadilishwe mara mbili au tatu kwa muda wa saa chache. Baadaye vipande vichemshwe kwa dakika 10 hadi 15 na maji hayo yamwagwe. Hapo ndipo samaki aingie katika mchuzi, bila kuongezwa chumvi nyingine wala vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Ndimu, kitunguu, tangawizi, bizari na pilipili vyatosha kuleta ladha.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni maji. Katika visiwa vya matumbawe maji ya visima mara nyingi huwa na chumvichumvi, na maji matamu hayamwagwi ovyo. Mpishi mwenye maji machache asiyatie yote mara moja. Kiasi kilekile cha maji kikigawanywa mara tatu hutoa chumvi nyingi zaidi kuliko kikitiwa chote kwa mara moja, kwa sababu kila maji mapya huanza kuvuta upya. La pili ni joto. Samaki akishapoteza chumvi amepoteza mlinzi wake. Nyumba isiyo na jokofu isimwache akilowa usiku kucha, na akishatolewa chumvi apikwe na kuliwa siku hiyohiyo.

Hatari zisizoondoka kwa chumvi

Zipo hatari ambazo chumvi haiziondoi. Jodari, nguru na vibua wakikaa joto saa nyingi kabla ya kutiwa chumvi, bakteria huzalisha histamini katika nyama yao. Histamini ikishatokea haiondolewi kwa kukausha wala kwa kupika. Mlaji huweza kupata wekundu wa uso, kichwa kuuma, mwasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kutapika, mara nyingi katika dakika chache hadi saa chache baada ya kula. Mhudumu wa afya asikimbilie kuhitimisha kwamba mgonjwa ana mzio wa samaki maisha yake yote. Aulize ni samaki gani aliyeliwa, na kama wengine waliokula naye wameugua. Kinga ni moja: samaki apasuliwe na kutiwa chumvi mara tu afikapo pwani.

Papa mkubwa naye ana neno lake. Kwa kuwa huishi miaka mingi na kula samaki wengine, hukusanya zebaki mwilini mwake, na zebaki hiyo haitoki kwa chumvi, jua wala moto. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wachague samaki wadogo badala ya papa.

Ng'onda mwenye madoa ya rangi ya waridi, ukungu, utelezi au mabuu ya nzi asiliwe. Aidha, dawa ya kuua wadudu isipuliziwe kamwe juu ya samaki anayeanikwa. Nzi huzuiwa kwa chandarua safi na kwa kuanika juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeorodhesha samaki wa chumvi wa namna ya Kichina miongoni mwa visababishi vya saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Ushahidi huo umetoka hasa kusini mwa China, ambako watoto walizoezwa samaki huyo tangu uchanga, na hauwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa kila ng'onda. Hata hivyo unatia nguvu shauri ambalo lina sababu nyingine pia: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilishwe samaki wa chumvi, kwa kuwa figo zake bado ni changa. Mtoto anapoanzishwa chakula cha nyongeza afikapo miezi sita, apewe samaki mbichi aliyepikwa vizuri na kutolewa miiba.

Swali la kuuliza zahanati

Mhudumu anapompima mgonjwa shinikizo la damu, swali la kuwa anaongeza chumvi mezani halitoshi. Aulize pia: "Ng'onda mnakula mara ngapi kwa juma? Mnamlowesha kabla ya kumpika? Nani hupika nyumbani?" Swali la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo, kwa kuwa mara nyingi anayeugua siye anayekoroga chungu, na shauri lisilomfikia mpishi huishia njiani. Ni vyema mpishi aalikwe kuja na mgonjwa siku ya kliniki.

Kwa mwenye shinikizo la damu, kipande kidogo kilichotolewa chumvi, kikiliwa mara mojamoja pamoja na mchicha, matembele au kunde, kinaweza kubaki katika mlo wake. Mwenye moyo ulioshindwa, anayevimba miguu, au mwenye figo zilizodhoofika asijipimie mwenyewe. Huyo apate kwanza ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe, na kwa wengi wao jibu litakuwa ni kumwacha ng'onda. Watu wengine wote nyumbani hawana hasara yoyote wakila kutoka chungu hichohicho chenye chumvi kidogo. Bali wataikinga mishipa yao kabla maradhi hayajafika.

Chumvi ilimlinda samaki tangu alipopasuliwa mpaka alipofika jikoni. Akifika hapo, chumvi hiyo imwagwe pamoja na maji, na samaki abaki chunguni.