Fahamu: Skrini ipi inaifaa Mac mini?

Mac mini ya mwaka 2024, kompyuta ndogo ya Apple yenye upana wa sentimita 12.7 tu, huuzwa bila skrini, kibodi wala mausi. Wanunuzi wengi hukimbilia inchi za skrini. Wewe tazama kwanza wingi wa nukta: skrini ya inchi 27 yenye nukta 1920 kwa 1080 huonyesha herufi zenye kingo zenye meno meno, na ukiisogelea utaziona nukta moja moja. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, inatosha kabisa kwa kazi za ofisini. 5K ni tamu zaidi, ila skrini ya 5K ya Apple yenyewe, Studio Display, ina bei inayoishinda kompyuta! Kuhusu kuunganisha, tundu la HDMI lipo kwenye Mac mini. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe skrini, ufungue ukurasa mweupe na kukagua nukta zilizokufa.