Njia Moja ya Kurukia, Wajibu wa Wote

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali, ulioko Kanombe, ndege za abiria na ndege za Jeshi la Anga hutumia njia moja ya kurukia. Baadhi yenu, ndugu zetu mnaoishi mipakani, mmetuuliza jinsi jambo hilo linavyowezekana na maana yake kwenu. Twapenda kulieleza.

Utaratibu huu si wa Rwanda peke yake. Huko Goa, nchini India, uwanja wa Dabolim ni kituo cha ndege za jeshi la majini, na papo hapo hupokea watalii. Mombasa nako, uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ulihudumia ndege za kivita za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kujenga uwanja ni gharama kubwa. Ndiyo maana nchi nyingi huutumia mmoja kwa kazi mbili.

Mafahali hao hukaa pamoja kwa sababu mchungaji ni mmoja: mnara wa kuongozea ndege. Rubani, awe wa abiria au wa jeshi, husubiri ruhusa ya mnara kabla ya kuruka au kutua. Sheria nayo ina mipaka yake. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 huzihesabu ndege za jeshi, forodha na polisi kuwa ndege za dola. Haziruhusiwi kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini ya nchi hiyo, na serikali zinapoziwekea kanuni hulazimika kuzingatia usalama wa ndege za kiraia.

Kwa hiyo, mkiona ndege ya jeshi angani, hiyo peke yake si dalili ya vita. Uvumi unaoanzia sokoni waweza kuwafanya watu waache mashamba na bidhaa zao, na watoto waache shule, kabla ya yeyote kuuliza kiongozi wa mudugudu au kituo cha polisi. Tunawasihi muulize kwanza.

Njia ikiwa moja, kinachoifunga huwafungia wote. Ng'ombe aliyepenya uzio, au ndege wa porini aliyeingia katika injini, humzuia askari, mfanyabiashara na mgonjwa anayesafirishwa kwa matibabu. Wakazi wa Kanombe, na wa Kamembe wilayani Rusizi, jirani na Kongo, wanaweza kusaidia hivi:

Kwanza, msitupe taka karibu na uwanja, kwani huvuta ndege wa porini. Siku ya Umuganda ni nafasi njema ya kuziondoa.

Pili, fungeni mifugo yenu, wala msikate uzio kutafuta njia ya mkato.

Tatu, msirushe droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nne, mkiokota kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, msikiguse. Wazuieni watoto, kisha pigeni simu 112.

Usalama wa anga huanzia ardhini, na ardhi hiyo ndiyo mnayoishi.