MOTOKARI YENYE MOTERI YA NDEGE

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu hufikiri hivi: ukitia moteri kubwa ndani ya motokari, itakimbia sana, basi kazi imekwisha. Tuangalie mfano mmoja wa kweli, tuone kama ni vile.

Mwaka wa 1908 Fiat ya Italia ilitengeneza motokari ya mashindano, moteri yake litri 18. Mwaka wa 1922 ile moteri ilipasuka kule Uingereza. Mwingereza mmoja, Ernest Eldridge, akainunua motokari na ubovu wake. Akatafuta moteri ingine: moteri ya ndege, Fiat A.12, yenye silinda 6 na litri 21,7. Motokari ndogo za barabarani, nyingi hazipiti litri 2!

Hapo matata yakaanza. Silinda zote 6 zilisimama kwa mstari mmoja, kwa hiyo moteri ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Eldridge akarefusha shasi kwa vyuma vya basi la London. Nguvu ya farasi 320 ilifika kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo, sawa na kinga. Moteri ile ilizunguka polepole, karibu mara 1800 kwa dakika, lakini kila silinda ilipita litri 3,5. Ndiyo sababu kila mlipuko ulisukuma kwa nguvu sana. Kwa moshi na makelele yake ikaitwa Mephistopheles, jina la shetani katika hadithi za Wajerumani.

Mwezi wa saba 1924 Eldridge aliipeleka Arpajon, Ufaransa, ashindane na René Thomas mwenye Delage. Wapinzani wakalalamika: motokari hii haina vitesi ya kurudi nyuma, na sheria inaidai! Waamuzi wakamkatalia, ushindi ukabaki kwa Thomas. Eldridge akatengeneza namna ya kurudi nyuma, na tarehe 12 akakimbia tena: kilometa 234,98 kwa saa, mwendo uliopita motokari zote za dunia wakati ule.

Fiat iliinunua tena mwaka wa 1969, na inaichunga hata leo kule Torino.

Basi, anayetaka kujitengenezea motokari asianze na moteri. Apime kwanza kitu kitakachoibeba na kitu kitakachoisimamisha, halafu asome sheria mpaka mwisho.