Leseni ya baraza si kinga dhidi ya kamari

Msomaji, ukiingia baa ya England au Wales, huenda ukaona mashine ya kamari ikimetameta pembeni. Iko pale kisheria. Chini ya Sheria ya Kamari ya 2005, baa yenye leseni ya pombe huarifu baraza la mji, hulipa pauni 50 na huruhusiwa kuweka mashine mbili. Ikitaka zaidi huomba kibali. Dau halizidi pauni 1, wala zawadi pauni 100.

Hata hivyo, baraza huhesabu mashine, halihesabu hasara yako. Mashine hutengenezwa ibakishe sehemu ya fedha zinazochezwa. Ushindi usiotabirika huufanya ubongo utake tena, nayo pombe hupunguza uwezo wa kujizuia. Shirika la Afya Duniani huihesabu kamari iliyokithiri kuwa ugonjwa wa uraibu.

Nawe uliye hapa Kenya, jiulize: Je, unarudi kukomboa pesa zilizoliwa? Unamficha mwenzio? Umegusa karo ya watoto? Ikiwa jibu ni ndiyo, muone daktari au mshauri. Ukipata mawazo ya kujiua, usingoje kesho. Uraibu huu hutibika.